Chombo Kilichopungua Futi Mbili

Ulimi uliponza kichwa, ndivyo wanavyosema. Wangu haukuponza kichwa changu, uliponza cha mtani wangu, na bora ungeponza changu. Nimelisimulia jambo hili vipande vipande kwa watu mbalimbali, kila mara nikiruka pale panaponiuma. Leo siruki.

Tulikuwa mafundi wawili katika chumba kimoja cha ofisi iliyokuwa ikichora mipango ya mji mpya wa Dodoma. Mimi nilichora ramani. Yeye alitengeneza mifano: soko la kutosha mezani, hospitali ya kadibodi yenye madirisha mia na ushee, wizara zilizokatwa kwa wembe kutoka kwenye mbao nyembamba. Wageni wakija walionyeshwa meza yake kwanza, wakainama, wakasema mji utakuwa mzuri, wakaenda zao. Hakuna jengo lake hata moja lililosimama mbele ya macho yake. Leo wizara zimejengwa kule Mtumba, lakini si zile.

Yeye Mgogo wa Gulwe, mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Aliniita mpagazi, maana babu zangu walikatiza Ugogo wamebeba mizigo ya watu. Mimi nilimwambia babu zake waliwabania babu zangu maji ya kisima, ndiyo maana niko mfupi, ukoo wetu ulikaukia njiani. Mambo kama hayo, kutwa nzima. Na sheria ya utani wote tunaijua: mtani hakasiriki. Anacheka, halafu anakungoja, na siku yako ikifika anakurudishia. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukuigiza na kukutania mbele ya jeneza, mpaka wafiwa wapate kucheka kidogo.

Ikaja miaka ya ruksa. Madukani sabuni za kila rangi, mitumba mpaka mlangoni, mabanda ya video kila mtaa. Miaka hiyohiyo tukapunguzwa kazini, yeye na mimi kwa barua za siku moja, na chumba chetu kikatakiwa kwa shughuli nyingine. Mifano ikaamriwa itupwe. Yeye akaomba apewe. Tuliisukuma kwa mkokoteni hadi kwake Chang'ombe ya Dodoma, soko juu ya hospitali, hospitali juu ya wizara, na njiani mama mmoja akatuuliza kama tunauza vitu vya watoto vya kuchezea. Mtani wangu akamwamkia, kisha akamjibu, "Hapana, mama. Huu ni mji."

Chombo tulikiona mchana wa Jumapili, kwenye banda la video karibu na soko la Majengo. Filamu yenyewe ilikuwa ya watu waliopotea angani ndani ya chombo kikubwa cha kijivu, na sikuifuatilia sana, nilikuwa nasinzia. Mwisho wa mkanda kulikuwa na kipande ambacho watu huwa hawakingoji, kinachoonyesha mafundi waliokitengeneza. Kumbe chombo hakikuwa kikubwa vile. Kilikuwa mfano, kimelala mezani, na fundi mmoja mwenye aproni amesimama kando yake na gundi mkononi. Mtani wangu akainuka kwenye benchi. Watu wa nyuma wakampigia kelele akae. Hakukaa.

Tulipotoka aliniambia, "Mpagazi, miaka kumi na minne nimetengeneza mifano ya vitu visivyojengwa. Kile pale, mfano ndio kitu chenyewe. Nitakitengeneza kama kilivyo, urefu uleule, milimita kwa milimita. Nataka niache kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakayesema bado hakijajengwa." Hilo neno la kuacha nililisikia vizuri. Alikuwa ameshaanza kukohoa, na suruali zake zilikuwa zinashikwa na kamba. Mkewe alikuwa ameshaniambia uani walichoelezwa hospitali.

Mwenye banda alitukubalia tuje asubuhi za siku za kazi, kabla ya wateja. Televisheni yake aliifungia ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, lililotobolewa dirisha kwa mbele, kwa kuogopa wezi. Alisimamisha mkanda, mtani wangu akabandika juu ya kioo karatasi ile inayopitisha mwanga tuliyokuwa tukinakilia ramani, akakichora chombo kila kilipogeuka. Skeli aliipata kwa yule fundi mwenye aproni. Tulikisia kimo cha mtu yule, kutoka hapo tukapata kimo cha chombo, na kutoka kwenye kimo tukapata urefu: futi tisa. Hesabu niliihakiki mimi mwenyewe mara tatu. Nasema hivyo ili ijulikane kosa halikuwa lake peke yake.

Kitu kimoja tu kilitushangaza, jinsi watu wa filamu ile walivyokuwa wembamba. Tukawacheka, tukasema huko angani hakuna mlenda. Tungejisikiliza siku ile, yote haya yasingetokea.

Kazi ilichukua mwaka na zaidi. Mgongo wa chombo ulikuwa bomba la maji, mbavu zake mbao za makreti. Juu yake tulibandika kila kilichokuwa na umbo dogo: mirija ya kalamu za bolpeni, mabomba matupu ya sindano, meno ya vitana, matumbo ya redio mbovu kutoka kwa mafundi wa Majengo. Na juu ya yote hayo, mji. Aliuvunja mji wake kwa mikono yake mwenyewe. Hospitali ikawa injini. Wizara alizikata vipande akazipanga ubavuni, akazipaka kijivu, ukitazama kwa mbali unaona chombo, ukisogea unaona madirisha. Sijawahi kumwona ana furaha vile. Alikuwa na rula ya chuma ya ofisini, aliyoondoka nayo mfukoni siku ya mwisho, na kila nilichobandika alikipima. "Imepungua, mpagazi. Bandua." Nusu milimita. Nilibandua huku namtukana kimoyomoyo, maana mimi si mvumilivu.

Kikabaki kichwa cha chombo tu. Mimi nikaenda Dar es Salaam kwa shemeji yangu kutafuta kazi. Kazi sikupata. Mchana mmoja watu wa nyumba ile wakaweka mkanda, filamu ileile, kwenye televisheni mpya isiyo na sanduku. Nikamwona nahodha wa chombo. Nahodha wetu, yule mwembamba kama mpini wa jembe, ana kitambi na mashavu. Nikaelewa palepale. Televisheni ya bandani ilikuwa mbovu, ilikuwa ikiibana picha kulia na kushoto, na lile sanduku la mbao likafunika weusi uliobaki pembeni. Kimo tulikipata sawa, urefu ulikuwa umeliwa. Niliomba rula nikapima kioo mbele ya watu, wakaniona nimechanganyikiwa. Chombo kilitakiwa kuwa na futi kumi na moja.

Kwenye treni nilikata shauri kwamba simwambii. Nilikata shauri tukiwa Dar, nikakata tena Morogoro, nikakata tena tulipopita kwao Gulwe. Mtu amebakiza kichwa cha kazi yake na miezi michache ya pumzi, unamwambia ili iweje?

Nilifika kwake bado nina vumbi la safari. Alikuwa amekonda zaidi. Alifurahi kuniona, akaagiza nipewe kiti, akanipa kipande cha kichwa nikibandike. Nilipokibandika akaweka rula. "Imepungua, mpagazi. Dar imekuharibu. Bandua." Sijui ni uchovu, sijui ni kukosa kazi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mgogo, acha kunipimia nusu milimita. Chombo chako chote kimepungua futi mbili. Kimebanwa kama gunia la uwele lililokaliwa na watu. Nahodha ana kitambi, nimemwona kwa macho yangu kwenye televisheni nzima." Halafu nikacheka, ili iwe utani.

Naye akacheka. Angefanya nini, mtani hakasiriki. "Futi mbili?" akauliza. "Futi mbili," nikamjibu. Aliniuliza televisheni ya Dar ilikuwaje, nikamweleza, akatikisa kichwa kama fundi anayekubali hesabu ya mwenzake. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mkewe akaja na kikombe cha maji ya moto. Kisha akaifuta rula kwa shati lake, akairudisha mfukoni.

Kesho yake nikakuta chombo kimefunikwa shuka. Wiki iliyofuata vilevile. Hakukitaja, tukaongea habari za mvua. Nikangoja anirudishie. Nilimpa nafasi nyingi: nilimwaga chai, nilijikwaa kizingitini, nilikosea jina la kijiji chake makusudi. Hakurudisha. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani akiacha kurudisha ana jambo moyoni, na mimi nilijua jambo lenyewe. Nilikuwa nimejificha nyuma ya utani kumwambia neno ambalo rafiki angelisema kwa upole, au asingelisema kabisa. Nilitaka kumwomba radhi, lakini utani hauombewi radhi. Ukiomba umekiri kwamba haukuwa utani. Basi nikanyamaza, mimi mwenye mdomo, nikanyamaza mpaka akafa. Chombo mkewe alinipa baadaye. Kiko kwangu hadi leo, hakina kichwa, na sijakirefusha.

Tulimpeleka Gulwe kwa treni. Nilipomwamkia mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Mtani wake umekuja, basi tutacheka." Watu wote walikuwa wananingoja mimi. Ndiyo kazi ya mtani, hakuna anayekuonea huruma eti nawe umefiwa. Nilisimama nyuma ya watu, sina hata neno moja. Niliona haya hata kulitazama jeneza.

Ndipo mkewe akanijia na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikifungua, ni ile rula ya chuma. "Shemeji," akasema, "aliniagiza nikupe hapa, mbele ya watu, si kabla. Alisema: mwambie mpagazi apime kwanza, asije akanizika kwa vipimo vya bandani."

Alikuwa amenirudishia. Kumbe muda wote ule chombo kilipokuwa chini ya shuka alikuwa ananingoja, kama sheria inavyotaka, na siku yangu ilikuwa ile. Nililia palepale, mbele ya wazee, bila aibu. Halafu nikajifuta uso na kufanya kazi yangu. Nikapenya katikati ya watu nimekunja mabega kama yeye, nikakohoa kama yeye, nikapiga magoti na kuiweka rula juu ya jeneza, nikihesabu kwa sauti. Watu wakaanza kucheka. Mama yake alicheka huku anajifuta macho kwa khanga.

Nikateremka kaburini nikapima. Nikarudia kupima. "Imepungua," nikasema kwa sauti yake. "Bandua." Wakacheka zaidi. Lakini hapo nilikuwa sitanii. Kaburi lilikuwa limepungua kweli, karibu shubiri nzima, maana ardhi ya kule ni ngumu na wachimbaji walikuwa wamechoka. Ilibidi niseme mara mbili kwa sauti yangu mwenyewe ndipo wakaniamini, sururu likaletwa, watu wakakaa chini kungoja.

Walipomaliza niliteremka tena. Nikapima upande huu, nikapima upande ule, taratibu, kama alivyonifundisha. Lilikuwa sawa, milimita kwa milimita. Nikainua kichwa nimwite aje ahakiki.