Bibi Aliitikia kwa Kichwa

Juzi nilikuwa kikaoni Bariadi, nimechoka, jenereta linanguruma dirishani, na mgeni mmoja akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Kabla sijajibu, nikasikia harufu ya unga unaotoka mashineni ungali wa moto.

Nilikuwa mtoto mchana ule tulipopeleka mahindi kusaga Lalago. Huku mashine ikinguruma, mwendeshaji alimuuliza bibi kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi alijifunza ukubwani, kama akoboe kwanza. Bibi alimtazama tu. Mimi, nikijivunia Kiswahili changu cha shule, nikampigia kelele sikioni, "Bibi, anauliza akoboe?" Akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi na sembe kidogo, pumba zimebaki mashineni, wakati yeye alitaka dona, unga usiokobolewa. Njiani, nyuma yake, nilinong'ona kwa Kisukuma kwamba nina kiu. Akajibu bila kugeuka, "Vumilia, tunafika." Nikaamini masikio yake ni mazima, ila anatudharau. Sikumsemesha hadi jioni.

Siku hizi najua kwamba kelele humeza kwanza lugha tuliyojifunza baadaye. Kule kikaoni, mgeni alirudia swali, kwa sauti zaidi. Kiingereza nakijua, lakini siku ile hakikuingia. Nikaitikia kwa kichwa, na mpaka leo sijui nilikubali nini.