Wimbi Ndani ya Kisima cha Mama

Nilikuja Newala kwa wiki mbili tu. Mama alikuwa ameanguka uani, nyonga imevunjika, na mjomba akapanda kutoka Masasi kutoa uamuzi: kitinda mimba, yaani mimi, abaki amwuguze. Kwetu mjomba akishasema, imekwisha. Wiki mbili zikawa miezi saba.

Nilikuwa naandika tasnifu ya hisabati. Ukigonga ukuta wa zege, mtikisiko hutambaa juu ya uso wake. Mimi nilitaka kujua hutambaaje ukuta ukiwa umepinda. Nilichagua kisima chetu cha maji ya mvua, cha duara, kilichochimbiwa uani, nikitumaini siku moja mtu atagonga tu na kujua ufa uko wapi. Msimamizi wangu chuoni alinipa hadi mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nafutwa.

Milinganyo ilinigomea. Kwenye karatasi wimbi lilizunguka kisima bila kupungua wala kutoka. Nilipogonga kwa nyundo na kupima kwa kifaa, lilikufa kabla ya kufika nusu ya duara. Nililaumu zege, nikalaumu kifaa, nikamlaumu na mama kwa kuniita kila nikishika kalamu. Nilikuwa na hasira za mfungwa, wala sioni aibu kusema.

Mvua zilipokaribia nilishuka kukifagia kisima, maana maji mapya hayapokelewi juu ya tope la mwaka jana. Mle chini, ukuta umenizunguka pande zote, nikauona ujinga wangu. Nilikuwa nimekokotoa kama mtu aliyesimama nje ya pipa, ambako uso umebinuka. Ndani umebonyea. Pale nilipoweka alama ya kujumlisha palitaka ya kutoa. Nilipoibadilisha, wimbi la kwenye karatasi likaanza kuvujia kwenye udongo nyuma ya zege, sawasawa na nilivyopima.

Jioni nikamwambia mama kazi imekamilika, ila mjomba hataniruhusu kwenda kuiwasilisha. Alikunja na kukunjua pindo la kanga.

“Mwanangu, mjomba wako alitaka urudi chuoni tangu mwezi wako wa pili hapa. Mimi ndiye niliyemwomba akuzuie.”

Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

“Mbona siku hizi naenda jikoni mwenyewe,” akasema, “bila fimbo. Hujaniona?”

Sikuwa nimemwona.