Kruasa kwenye Imbabura

Mwanangu, nikiona kijana anavunjika moyo kwa jambo alilolijaribu mara mbili tu, nakumbuka siku moja mama yangu aliposukuma kikombe cha uji na kusema hataki kula tena. Tulikuwa tukikaa hapa hapa Mbugangari, karibu na ziwa. Malaria ilikuwa imemtoka, lakini hamu ya chakula haikurudi, na kila asubuhi nilimwona amepungua. Niliogopa, sikufichi. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani.

Nilipombembeleza aseme anachotaka, alitaja kitu kimoja: kruasa, ule mkate wa Kifaransa wa siagi, uliokunjwa tabaka tabaka kama mwezi mwandamo. Wala si kruasa yoyote. Ile ya mkahawa wa kando ya ziwa, ambako Baba alikuwa akimpeleka Jumapili wakitoka kanisani. Mama alikuwa mtu wa kizazi kile kinachoona haya kutafuna mbele za watu, basi huko mkahawani aliila amejifunika kitenge hadi puani. Sasa mkahawa ule ulikuwa umefungwa na mwenyewe amehama. Nilimnunulia ya duka jingine, akaigusa kwa kidole.

"Hii ni mukate tu," akasema, akageukia ukutani.

Nikaapa nitaipika mwenyewe. Wenzangu wa gereji walinicheka: mwanamume mzima na unga puani! Wacheke, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilitafuta siagi nzuri ya wafugaji wa Nyakiriba, nikakanda unga, nikaupaka siagi, nikaukunja. Nikaupumzisha ndani ya sufuria iliyokaa kwenye beseni la maji baridi, maana joto la ziwa huyeyusha siagi upesi, kisha nikausukuma na kuukunja tena. Tanuri sikuwa nayo. Nilikuwa na imbabura, jiko letu la makaa, na sufuria yenye mchanga chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Ya kwanza siagi yote ilichuruzika, ikabaki kitu kigumu kama soli ya kiatu. Ya pili iliungua. Nikarudia, nikarudia tena. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ingawa waliofaidi siku zile walikuwa mbuzi wa jirani.

Hatimaye ikatoka moja, mwanangu, rangi ya dhahabu, imejikunja vizuri, harufu imejaa ua mzima. Nikaiweka kwenye sahani na kumpelekea Mama kwa maringo. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza."

"Mama, ni yako. Nitaiharibu."

"We mutoto, nani alikufundisha kumupa mutu kitu haujaonja? Kwetu hata pombe, mwenye kuileta anakunywa ya kwanza. Uma!"

Nikauma. Nje ilivunjika vizuri, lakini ndani ilikuwa unga mbichi. Kumbe vyote ving'aavyo si dhahabu! Siku zote zile nilikuwa nikizitazama tu kruasa zangu, hata moja sikuwahi kuionja. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alipoona uso wangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Bon," akasema. "Rudia. Lakini leta imbabura pale inje ya mulango, nikuone."

Nikarudia mbele ya macho yake, kwa makaa machache na subira nyingi, nikimega na kuonja kila inayotoka. Mwishowe ikaiva moja iliyokaa upande, yenye sura mbaya. Nikauma ncha yake, nikatafuna taratibu, nikampa iliyobaki. Mama akala yote, akalamba vidole, akaomba na chai. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kulia, maana nilijua sasa kwamba atapona.

Basi, mwanangu, shika haya. Jambo ulilolikusudia usiliache kwa sababu limekushinda jana. Lirudie, na watu wacheke wanavyotaka. Lakini usimpe mtu kazi ya mikono yako kwa kuwa inapendeza kuitazama. Ijaribu wewe kwanza, uyajue makosa yake kabla hayajamfikia mwenzako, kwa maana mwenye njaa hashibi kwa macho. Mungu aitie nguvu mikono yako, na akuachie kwa miaka mingi mtu wa kumpikia.