Mstari kwenye Topazi ya Mbula

Mbula alitoka upande wa Voi akiwa msichana. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza saa na pete hapa mjini Nyeri, kwenye meza iliyopakana na cherehani yangu. Shingoni huvaa topazi ya manjano, jiwe alilolichimba marehemu baba yake. Hakuliuza hata mwaka ule yeye mwenyewe alipougua.

Jumatatu moja Wamucii wa Tetu alileta pete ya rubi aliyoachiwa na mama yake. Jiwe lilikuwa limelegea. Jumatano akaijia, akaivaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii si jiwe yangu," akasema. "Yangu ilikuwa nyekundu ya kuiva, karibu nyeusi. Hii inang'aa kama peremende. Umeniwekea ganeti, hayo mawe mekundu ya bei rahisi ya huko kwenu."

"Nimeiosha tu, mama."

"Miaka thelathini naivaa, ati leo umeosha? Twende polisi."

Watu wakaanza kusimama. Fundi akiitwa mwizi mbele ya watu, hata akishinda kesi hakuna atakayemwachia pete tena. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, usimwaibishe mjakazi wako.

Mbula akavua topazi yake. "Hii ni ngumu kuliko ganeti," akasema taratibu. "Ganeti ikiikwaruza, itasagika yenyewe. Lakini rubi itaichora."

"Na ikipasuka?" nikamwuliza. Alishaniambia kwamba topazi, pamoja na ugumu wake, ina upande ambao ukiigonga hupasuka kama kuni. Rubi haina udhaifu huo.

"Ikipasuka ni yangu." Akamgeukia Wamucii. "Kwaruza wewe mwenyewe."

Wamucii akakandamiza jiwe la pete, akavuta. Mstari mweupe ukatokea.

"Unga huo," akasema. "Ganeti yako imesagika."

Mbula akachukua kitambaa. Akakilowesha. Mstari ukifutika, basi ni unga wa pete, na yeye ni mwizi. Akapangusa. Akapangusa tena.

"Pitisha ukucha, mama."

Ukucha wa Wamucii ukakwama kwenye mchoro.

Mbula akafungua droo, akatoa pamba nyeusi yenye mafuta. "Uchafu huu ulikuwa nyuma ya jiwe, ndio uliolitia weusi. Unakamua ng'ombe ukiwa umeivaa?"

"Kila asubuhi," Wamucii akajibu, sauti imeshuka. "Hata mama alikamua nayo." Akaitazama pete. "Kumbe sijawahi kuiona. Nisamehe, Mbula."

"Imeisha, mama."

Lakini siku hiyo Mbula hakufungua saa hata moja. Kidole chake kilikuwa kikirudi tu kwenye mstari ule.