Mikono ya Baba Yako

"Dada, kati ya hizi mbili, ipi inanitetemesha?"

Nakumbuka siku baba yako aliponiuliza hivyo, nyumbani kijijini kwetu Masaki, vidonge viko kiganjani. Sikujua, mwanangu, lakini mimi shangazi yako nilimjibu.

Nilikuwa chuo kikuu, mbishi wa kila kitu. Yeye kliniki walimpa dawa mbili: moja ya kunyamazisha sauti alizokuwa akisikia, nyingine lithiamu, ya kuzuia furaha na huzuni zisimzidi. Alikuwa ametulia, amerudi kuchoma mkaa. Mgongo tu ulimsumbua kwa kubeba magunia, nami nilikuwa nimemletea vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa mtaa wa Sofu, Kibaha, nilikopanga chumba.

"Ni hii ya sauti," nikasema. "Inajulikana kwa kutetemesha. Iache."

"Daktari alisema nisiache yoyote bila kumuuliza."

"Huyo daktari unaishi naye? Mimi nimesoma, bwana."

Akacheka. "Haya, profesa."

Akaiacha. Lithiamu na vidonge vyangu vya mgongo akaendelea navyo, kutwa yuko kwenye tanuri akitoka jasho, maji hanywi mpaka jioni. Siku ya tano alikuwa anatapika, anayumba, maneno hayaeleweki. Hospitalini walipima damu wakakuta lithiamu imezidi mno. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu nani alimpa dawa ya mgongo, kisha akaeleza kwamba dawa zile huzuia figo kuitoa lithiamu, na kukosa maji kukazidisha.

Alipona, lakini mikono haikutulia tena. Umekua ukimshikia kikombe, na wapita njia wanamdhania mlevi.

Leo nawe umetoka kliniki na pakiti mbili za dawa kama zake, na nakuona unavyosoma kwenye simu. Sikukatazi kuhoji. Mhoji anayekupima damu. Usiache dawa kwa neno la mtu, hata langu. Kabla hujanunua hata kidonge cha mgongo, mwambie muuzaji unatumia nini. Kunywa maji. Ukianza kutetemeka kuliko kawaida, kutapika au kuyumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mungu akujalie uzee wa kushika kikombe chako mwenyewe.

Kuna jambo bibi yako aliniambia miaka mingi baadaye, akiwa kitandani anaumwa. Siku ya tatu tangu aache dawa, asubuhi, baba yako aliona anazidi kutetemeka, akawa ameshaita bodaboda aende kupima damu. Bibi ndiye aliyemrudisha ndani. Alimwambia atulie, dada yake msomi ameshasema ni dawa ipi.