Bodi ya Inveta ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Fuoni, Unguja, na anauza ashkrimu za mifuko: za ukwaju, za ubuyu, za embe, na zile za maziwa na iliki ambazo watoto wa skuli humpangia foleni. Ana mafriza matatu ukumbini. Kwa kuwa umeme wa kwetu hukatika bila kuaga, mimi na mume wangu tulimfungia sola juu ya bati. Paneli hazijawahi kutusumbua. Betri nazo hazina neno. Kilichotutoa roho ni inveta, ile mashine ya ukutani inayopokea umeme wa jua na kuugeuza uwe umeme wa kuwashia friza. Na inveta hiyo niliichagua mimi mwenyewe, hapa Guangzhou, China, ninakoishi.

Ikifanya kazi, yeye huiita mashine yangu. Ikizima, hunipigia simu na kusema, "Mashine yako imezima."

Kazi yangu ni kuwanunulia watu bidhaa. Mteja wa Dar au wa Unguja ananiambia anachotaka, mimi nazunguka madukani, napatana bei, nahakikisha mzigo, kisha wakala anaupakia kwenye kontena bandarini Huangpu. Vigae, mapazia, vyombo, na miaka hii ya karibuni sola kwa wingi. Kwa hiyo mama mkwe wangu hakuwa na sababu ya kuamini kwamba sijui kitu kuhusu inveta. Kwake yeye, kuishi karibu na kiwanda ni sawa na kuwa na kiwanda.

Ilizima mara ya kwanza baada ya masika. Kioo kikaandika herufi na namba, taa nyekundu ikawaka, basi. Fundi wa mtaani akaifungua, akasema bodi, ile sahani ya ndani iliyobeba vipande vyote vya umeme, imeungua, na bodi yake haipatikani Zanzibar wala Dar. Akatoa vipande kwenye mashine nyingine iliyokufa, akavilehemu kwenye hii. Ikawaka. Ikazima tena wiki ya kwanza ya Ramadhani, wakati mtaa mzima unataka barafu za kufuturia. Mama alimlipa fundi kwa kuifungua, akamlipa kwa kuifunga, akamlipa tena kwa kuja kutazama kwa nini imezima. Ashkrimu zilipoyeyuka akazigawa kwa majirani kwenye mabakuli, akanipigia simu kunieleza jirani gani amekunywa ladha gani.

"Mama, ina waranti," nilimwambia. "Nitazungumza na mwenye duka."

Mwenye duka, ambaye sisi wanunuzi tunamwita laoban kama wanavyoitwa mabosi wote wa huku, ni kijana mchangamfu mwenye duka ghorofani kwenye jengo moja la barabara ya Huanshi Zhonglu. Kiswahili chake amekiokota kwa wateja: dada, kaka, bei nzuri, hakuna shida. Nilipomuuliza waranti alisema ipo, hakuna shida, nilete mashine. Nikamwambia mashine iko Zanzibar. Akasema hakuna shida, nilete.

Ukitaka kujua maana halisi ya waranti, jaribu kurudisha inveta China. Kwa meli haifai, maana hakuna wakala anayetaka kushughulikia kitu kimoja kibovu. Kwa ndege lazima umpate msafiri. Mume wangu, aliyeko nyumbani, akampata mama mmoja wa Kariakoo, mteja wangu wa siku nyingi, aliyekuwa anakuja kununua mapazia. Nikaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Baiyun. Alitoka akiwa amekumbatia inveta kifuani kama mtoto mgonjwa, ushungi umekwenda upande.

"Shoga," aliniambia kabla ya salamu, "mimi nimekuja kununua mapazia, sikuja kusafirisha maiti ya mtu."

Alikuwa amefunguliwa begi kila alipopita. Njiani, walikobadilisha ndege, walimweka pembeni mpaka akaogopa kuachwa. Nilimwomba radhi treni nzima kutoka uwanja wa ndege hadi mjini, na kabla ya hapo walinzi wa metro nao walikuwa wameipitisha mashine ile kwenye kipimo chao, wakairudisha, wakaipitisha tena, mmoja akanusa tundu za pembeni. Yule mama alisimama akitazama saa. Hotelini aliniambia kwamba safari ijayo nikimtumia hata sindano hataibeba.

Kesho yake nikaipeleka dukani. Laoban akaiweka mezani, akafungua skrubu, akainua mfuniko. Kisha akacheka, akachukua simu yake na kupiga picha.

Ndani, juu ya bodi, alikuwa amelala mjusi kafiri. Amekauka, amekuwa mweusi, mkia umegusa huku na kichwa kimegusa kule.

"Dada," alisema laoban, sasa kwa Kiingereza chake na changu, "hili si kosa la kiwanda. Mjusi si waranti."

Nikampigia mama mkwe simu ya video, maana nilijua nikimhadithia tu hataamini. Kule ilikuwa asubuhi mapema, ametoka kusali, bado ana kanga ya kichwani. Nikamwonyesha. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Huyo si mjusi wetu," alisema.

"Mama, mashine ilikuwa nyumbani kwako."

"Mijusi wa hapa weupe. Huyo mweusi."

"Ameungua, mama."

"Muulize huyo kijana," akasema, "mashine ya kutundikwa ukutani kwa nini wameiacha na matundu ya kuingia mnyama?"

Lilikuwa swali zuri, na ndilo lililonitia hasira, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Nikamuuliza laoban. Akasema matundu ni ya kupitisha hewa. Nikamwambia yawekwe wavu. Akasema huku hakuna mijusi. Nikamwambia hawauzi huku, wanatuuzia sisi, na kwetu kila ukuta una mjusi. Tena mashine ilizima mara ya kwanza kabla hajaingia mjusi, fundi aliifungua na hakumkuta. Laoban akagusa kibandiko kilichochanika kwenye skrubu. Akasema fundi amefungua, waranti imekwisha. Nikamuuliza, asingefungua ingejulikanaje imeharibika nini? Akainua mabega.

"Basi niuzie bodi," nilisema.

"Meiyou," alisema. Hakuna. Neno hilo nimeambiwa mara nyingi katika mji huu kuliko jina langu. Kiwanda kimeacha kutengeneza aina ile, akasema, kuna mpya, kioo chake cha buluu, nzuri zaidi. Anipunguzie?

Nikaibeba nikashuka nayo kwa mtengenezaji wa vifaa vya umeme mtaa wa pili. Akaitazama kwa muda, akataja bei iliyokaribia ya mashine mpya. Nikamuuliza kama itadumu. Akasema anaweza kuahidi itawaka hapo mezani. Ikizima Afrika, hiyo ni habari ya Afrika.

Nilikaa kwenye mgahawa wa halali pale chini nikaagiza chai, na mashine juu ya kiti kando yangu. Nilihesabu mambo kichwani. Fundi wa Fuoni, ashkrimu zilizoyeyuka, fadhila ya msafiri ambayo sitaipata tena, na sasa wananiambia ninunue nyingine ya aina ileile, yenye matundu yaleyale, ambayo nayo kesho watasema wameacha kuitengeneza. Kitu kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea wateja. Makontena yangu yalikuwa yamejaa mashine hizo.

Nikapanda tena dukani, nikaiweka inveta mapajani, mfuniko wazi, nikakaa kwenye kochi la wateja.

"Dada, nini?" aliuliza laoban.

"Nasubiri bodi."

"Meiyou."

"Najua. Nasubiri."

Akadhani ni mzaha. Akanipa chupa ya maji. Baadaye akaingia mnunuzi wa Kenya, mwanamume wa Nairobi ninayemfahamu kwa sura, alikuwa anatafuta inveta za makanisa ya kwao. Akanisalimu, akaona kilichokuwa mapajani.

"Aki dada, hii imefanya nini? Na huyu ni nani ameiva hivi?"

Nikamweleza, taratibu, bila kutia chumvi. Ilipoharibika mara ya kwanza, fundi, Ramadhani, Baiyun, bodi haipo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia laoban na kumuuliza kama hizi mpya spea zake zipo. Laoban akasema hizi hazihitaji spea.

"Sawa," alisema yule Mkenya kwa upole. "Wacha kwanza nicheki pale ng'ambo, nitarudi."

Hakurudi. Laoban alimsindikiza hadi kwenye lifti, kisha akaja kusimama mbele yangu mikono kiunoni. Akaniambia niende nyumbani. Nikamwambia naomba soketi ya kuchajia simu.

Kesho yake nilikuja na sambusa na kazi zangu. Wakala wa Huangpu alinipigia kuuliza kama vigae vipakiwe kabla ya vyombo, nikamwelekeza nikiwa palepale kwenye kochi. Siwezi kusema nilikuwa na amani. Watu ninaosali nao Ijumaa walipita wakaniona nimekaa kama anayedai posa. Mmoja alinishauri kwa Kiswahili nijistahi, inveta moja si kitu cha mtu mzima kugombania. Alikuwa na haki. Lakini kila mtu aliyeingia aliuliza, na kila aliyeuliza nilimjibu kweli tupu. Baadhi walinunua, wengi waliuliza habari za spea kwanza. Laoban alianza kufunga mlango mapema.

Mume wangu naye akapiga. "Mke wangu, mwache bwana. Tununue nyingine tumalize."

"Na hiyo nyingine ikizima?"

"Mungu atajaalia."

"Mungu atajaalia, lakini bodi anayo huyu."

Sikuwa na ushahidi kwamba anayo. Nilisema kwa hasira tu.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimeanza kujuta na mgongo unaniuma kwa kochi lile, laoban alichukua simu akaanza kumfokea mtu. Nilishika maneno machache: kiwanda, mteja, Afrika, tena Afrika. Akakata simu bila kunitazama. Mchana mjumbe wa pikipiki akaleta boksi. Ndani mlikuwa na bodi ya mashine yangu, mpya, kwenye mfuko wake wa kung'aa.

Nikamuuliza, "Si ulisema hamna?"

"Dukani hamna," alisema. "Kiwandani zipo za zamani. Kidogo."

Wiki zote zile, simu zote zile, na msafiri wa watu amekumbatia mashine kutoka nchi hadi nchi, na bodi ilikuwa imelala kwenye rafu umbali wa safari ya pikipiki. Nilitaka kulia. Kilichonizuia ni kwamba tayari alikuwa ameshika bisibisi. Aliibadilisha mwenyewe, akabadilisha na feni, na nilipomletea wavu mwembamba wa kuchujia chai kutoka duka la vyombo aliukata kwa mkasi na kuubandika kwenye matundu. Bodi hakunitoza. Kazi nililipa, na feni nililipa. Tulipoagana hakusema "hakuna shida."

Nikaipakia kwenye kontena la vigae. Ilichukua miezi kufika, na mama mkwe alikuwa amekwisha kupunguza friza na kuanza kukaanga kachori na bagia. Ilipofungwa ikawaka, na mpaka leo inawaka. Mama anasema feni mpya inapiga kelele wakati wa Kurani redioni. Nimemwambia hiyo siwezi kumrudishia mtu.

Tangu hapo sipeleki inveta bila bodi ya akiba na feni ndani ya boksi, na laoban ananiuzia, kwa kununa. Nilidhani wateja watanishukuru. Wa kwanza aliniuliza kwa nini inveta ya mnunuzi mwenzangu ni bei rahisi kuliko yangu. Nikamweleza habari ya spea. Akauliza, "Kwani unaniuzia mashine mbovu?" Hivyo ndivyo biashara yangu ya sola ilivyopungua. Ukimwambia mtu kitu kitaharibika, anakwenda kwa asiyemwambia.

Juzi mtu wa Tabora, ambaye sikumuuzia mimi, alinipigia. Amesikia nina bodi. Inveta yake imezima, alikonunua wamemwambia hakuna. Nilivuta pumzi, nikamwomba anitumie picha ya kibandiko cha ubavuni mwa mashine ili nijue ni aina gani. Amenitumia picha ya nyumba yake yote, kwa mbali, na watoto wamesimama mbele.