Chaki ya Taimingi

Juzi, hapa Kisesa, fundi alichomeka kompyuta kwenye gari la mjukuu wangu, akasoma taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka ndani ya injini, kwenye kioo cha kompyuta, basi.

Nikakumbuka utotoni mwangu, lori la baba lilipogoma, linanuka petroli, nasi tunawahi kivuko cha Kamanga kumpeleka mama hospitali. Uchungu wa kujifungua ulishamshika. Baba alipaka chaki kwenye puli ya injini ili aione alama ya taimingi. Nikadhani ni dawa, kama unga mweupe ambao bibi aliwapaka wagonjwa. Nikampaka mama kwenye paji la uso.

"We mtoto, mimi ni injini?"

Baba akazungusha distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, kidogo kidogo mpaka muungurumo ukatulia.

"Twende. Mwanangu hazaliwi barabarani."

Kweli, mdogo wangu hakuzaliwa barabarani. Alizaliwa kwenye kivuko, katikati ya ziwa.